Uzi: Bareli streti za vishale, kabla hujauliza gramu angalia vidole vyako vinakaa wapi

Kishale_Butu:

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeuahirisha sana, kila nikitaka kuandika naona nitachekwa, ila jana tena kuna dogo pale baa ninapochezea vishale (darts) kaniuliza "bro ninunue gramu ngapi" nikasema basi, leo naandika, maana hilo swali la gramu ndilo lililonilia mwaka mzima na hela juu.

Stori yenyewe hii. Mimi nimejifunza kwa vishale vya baa, vile vya brasi vinene ambavyo kila mlevi wa mtaa ameshavishika, flaiti (yale mabawa ya mkiani) zimekunjamana, pointi (ncha ya mbele) moja fupi kuliko wenzake. Na nilikuwa napiga vizuri tu kwa kiwango changu, 501 (unaanza na 501 unapunguza mpaka sifuri) nafunga kwa vishale 30 hivi, siku nikiamka vizuri 27. Nikapata vihela kidogo nikasema na mimi niwe na vyangu. Nikaagiza tangsteni, ile metali nzito, gramu 26, bareli (ile sehemu unayoshika) umbo la torpedo, yaani mbele imenona halafu inasinyaa kwenda nyuma kama samaki. Nisiwafiche, nilichagua kwa rangi. Nyeusi ti, na kipete cha dhahabu.

Miezi sita nikawa mteja wa kudumu wa namba 1 na namba 5, majirani wa 20 kwenye bodi. Nalenga 20 naingia kushoto, nasahihisha naingia kulia. Legi (mchezo mmoja wa 501) niliyokuwa nafunga kwa vishale 30 sasa ikawa 38, 40, mpaka mtu wa kaunta ananionea huruma. Na ushauri ndo usiseme, huyu ongeza uzito, huyu punguza, huyu weka flaiti nyembamba, mzee mmoja akaniambia tatizo langu nakunywa soda badala ya bia.

Sasa siku moja nimefungwa, na kwetu aliyefungwa ndiye anaandika skoa ya mechi inayofuata. Nikaandika weee mpaka mkono mzima mweupe kwa chaki. Mechi imeisha naitwa mstarini harakaharaka kuna mtu hajatokea, sikunawa, nikarusha vitatu nikaenda kutoa. Nilichokiona pale kwenye bodi sijakisahau. Bareli nyeusi, na kila moja ina doa jeupe la kidole gumba. Ya kwanza doa liko juu ya tumbo kabisa. Ya pili liko nyuma ya tumbo, pale inapoanza kushuka. Ya tatu karibu iguse shafti, kile kijiti cha nyuma kinachobeba flaiti. Vishale vitatu, mkono mmoja, sekunde kumi, na nimevishika sehemu tatu tofauti! Nikabaki nimesimama pale kama nimeona jini, watu nyuma wanapiga kelele toa vishale bwana.

Nikarudi nyumbani na kipande cha chaki mfukoni. Nikarusha mikono 20 (mkono ni vishale vitatu), kila mkono napaka chaki, naangalia, nafuta. Gumba lilikuwa linatembea karibu sentimita nzima. Kesho yake nikaomba vile vya brasi vya baa nikafanya hivyohivyo. Madoa yote yako katikati, yanapishana kidogo sana, hata 3mm sidhani kama zilifika. Ndo nikavitazama vizuri kwa mara ya kwanza toka nianze kuvirusha. Vimenyooka. Ni kipande cha chuma cha duara tu, unene mmoja mwanzo mpaka mwisho. Yaani nilikuwa nacheza na bareli streti miaka yote sijui kama zinaitwa streti.

Ninavyoelewa mimi ni hivi. Kwenye torpedo gumba likisogea 2mm unakuwa umehamia kwenye mteremko, unene umebadilika, vidole vimebana au vimefunguka kidogo, na pua ya kishale imeangalia juu au chini bila wewe kujua. Kutoka mstarini mpaka bodi ni mita 2.37, trebo ya 20 (kile kipande chembamba kinachokupa alama mara tatu) ina urefu wa 8mm kwenda juu, kosa dogo la pua hapa kule mbele unaliona. Kwenye streti ukikosea hiyohiyo 2mm unene ni uleule, vidole viko vilevile, kishale kinaondoka vilevile. Haikufanyi usikosee, ila ukikosea inakusamehe.

Nikauweka huo uzito pembeni nikaenda kutafuta streti. Mwenye swali aulize.

Chaki_na_Sifongo:

Mkuu umeandika vizuri ila hujasema gramu ngapi sasa 😂😂

Kishale_Butu:

Hahaa nilijua tu. Natumia 23. Lakini nikikwambia 23 nimekudanganya, sikiliza.

Chukua bareli mbili za gramu 24, moja ya brasi moja ya tangsteni 90 (asilimia 90), zote urefu 50mm. Ya brasi itakuwa na unene wa 8mm na nusu hivi, nene kuliko penseli. Ya tangsteni itakuwa 6mm na kitu, nyembamba kuliko penseli. Gramu zilezile ila mkononi ni vitu viwili tofauti kabisa. Mwenye vidole vinene akishika ile ya 6mm anaona kama ameshika njiti, vidole vinagusana, anaanza kuminya. Ukiminya umekwisha, kishale hakitoki kwa wakati.

Kwa hiyo mimi naanza na unene, halafu urefu, halafu mikato ya kushikia, gramu zinakuja zenyewe mwishoni. Ukiwa na unene 6.5 na urefu 50 tayari umeshaingia kwenye 23, 24 upende usipende, kwa sababu streti haina pa kuficha uzito, silinda ni silinda.

Kwa nini watu wanaacha brasi basi? Kwa sababu ya nafasi kule kwenye trebo. Ukishaweka kimoja cha 8.5 ndani, cha pili hakina pa kupita, kinagonga mgongo wa mwenzake kinaanguka chini. Vitatu vyembamba vinakaa pamoja kama ndizi kwenye chane.

FundiGerezani:

Ngoja nitie neno maana hili la kuchonga bareli limenipitia mkononi. Mimi ni mtu wa lethi, mashine ya kuchonga chuma, na vishale nacheza wikiendi. Kuna jamaa aliniletea tangsteni yake moja imebaki baada ya kuibiwa mbili, akasema fundi nitolee copy mbili. Nikaipima kwa venia, 6.4mm mwanzo mwisho, urefu 52. Nikamwambia copy ya umbo nitakupa, copy ya uzito huwezi kupata. Akabisha. Nikamchongea kwa brasi vipimo vilevile, akaenda kupima, ikatoka nusu ya uzito. Akarudi kimya.

Watu wanadhani tangsteni unainunua fimbo unaikata kama nondo. Ile kitu inayeyuka kwenye nyuzi 3,422, hakuna tanuru la mtaani la kuiyeyusha. Wanachofanya ni unga wa tangsteni unachanganywa na nikeli na kidogo metali nyingine, unashindiliwa, unachomwa mpaka ile nikeli inashikamanisha unga. Ndo maana inaandikwa 80, 90, 95, ni asilimia ya tangsteni ndani, inayobaki ni hiyo ya kushikiza. Asilimia ikipanda bareli inakuwa nyembamba kwa uzito uleule. Kuichonga inataka kisu cha kabaidi, kisu cha kawaida kinakuwa butu unatazama.

Sasa mikato, maana hapa ndo wengi wanaingizwa mjini. Mikato ya pete, yaani mifereji inayozunguka bareli kama hesi lakini haipandi, hiyo inazuia kidole kisiteleze mbele na nyuma. Mifereji ikiwa mipana na kona zake zimelainishwa inashika kiasi. Ikiwa myembamba na kona kali inang'ata, unaisikia kabisa kwenye ngozi. Halafu kuna ile ya misalaba midogo kama kwenye mkono wa spana ya soketi, ile inashika pande zote, mbele nyuma na kuzunguka, lakini vichwa vyake ni vidogo vinasagika, mwaka mmoja wa kurusha kila siku vimeshakuwa upara pale gumba linapokaa. Halafu kuna ile ya mkato wa mshazari kama pezi la papa, upande mmoja mteremko upande mwingine ukuta, kidole kinateleza kwenda mbele kinagota.

Na kitu kimoja hamsemi, mgongo wa bareli una tundu lenye hesi za 2BA ambako shafti inaingia. Yule jamaa wa copy, tepu ya kukatia hizo hesi nilizunguka siku mbili, kila duka wananipa M5 wanasema ni ileile. Si ileile. 2BA ni 4.7mm, M5 ni 5. Shafti inaingia halafu inacheza, unarusha inalegea hewani. Mkiona shafti inalegea kila saa msikimbilie kulaumu mkono.

Mvita_Jasho:

Salaam aleikum jamaa. Mie niko Mombasa, na nasoma haya yote nacheka kwa sababu nyinyi mwazungumza unene na urefu, sie huku adui yetu ni jasho. Mwezi wa pili wa tatu, feni yazunguka yaleta joto tu, mkono wanitoka maji kama nimeosha vyombo. Nilikuwa na streti laini kabisa, haina mkato ila pete mbili nyuma, nzuri wallahi, yang'aa. Ikawa yanichomoka mkononi kabla sijaamua kurusha. Mara moja imetua kwenye ukuta, mara moja karibu nimpate mwenye kibanda.

Nikasema nichukue kali kuliko zote. Nikanunua ile ya misalaba ya fundi asemayo. Hapo nikapata ugonjwa wa pili, kishale hakitaki kutoka. Naachia, kidole cha kati chabaki kimeshika, kishale chaondoka mkia umepinda. Chaingia kwenye bodi kimelala, flaiti yaangalia dari. Mwezi mzima nadhani ni flaiti.

Mwisho nimekaa kwenye streti ya pete za wastani, si laini si kali, na tambara kavu kiunoni. Na naziosha. Hili nawaambia kwa nguvu, zioshwe! Mswaki wa zamani, sabuni ya kipande, maji vuguvugu, sugua ndani ya mifereji, suuza, kausha. Yale maji meusi yatokayo mara ya kwanza utashangaa, ni chaki, jasho, mafuta ya viazi karai. Kuna watu watupa bareli eti gripu imekwisha, kumbe mifereji imejaa uchafu tu.

Kishale_Butu:

@Mvita_Jasho shekhe hilo la kuosha ni kweli kabisa, nimeenda kuosha sasa hivi baada ya kusoma, maji yametoka kama chai ya rangi.

Msee_wa_47:

Niaje wazee. Hapa Nairobi tangu Munyua wetu amtoe Mike De Decker wa Ubelgiji kwa World Championship pale Alexandra Palace, London, Disemba 2025, 3-2, kila mtu amekuwa mchezaji, hata watu wa boda wanaongea mambo ya dabo. Mkenya wa kwanza kwa hiyo stage na ni daktari wa mifugo, manze nilipiga nduru nikaamsha mtoto. Sasa swali langu, si mnasema streti ni ya kusamehe makosa, ya watu kama sisi. Mbona mapro pia wanaitumia? Gary Anderson bareli yake ni streti, huyo kijana Littler pia streti, na hao hawakosei kosei kama sisi. So ni ya learners ama ni ya mapro?

Kishale_Butu:

Swali zuri. Mimi naona jibu liko kwenye mahali pa kushika. Umbo lenye tumbo limeshakuamulia, linakwambia shika hapa. Streti haikwambii kitu, uzito umesambaa sawa, katikati ya bareli ndo katikati ya uzito kwa karibu, kwa hiyo anayeshika mbele anaitumia, anayeshika nyuma anaitumia. Pro ana sehemu yake tayari kichwani, hahitaji chuma kimwambie, anataka chuma kisimwingilie. Mwanafunzi bado hajui sehemu yake, streti inamwacha aitafute bila kumsukuma. Wote wawili wanafika dukani kwa sababu tofauti wanatoka na kitu kimoja.

Ila usinunue ya Littler kwa sababu ni ya Littler. Yule alikuwa bingwa wa dunia Januari 2025 ana miaka 17, angechukua ubingwa na misumari ya nchi nne.

Mama_Dabo16:

Naomba nipinge kidogo, maana uzi unaenda kama mahubiri ya Jumapili.

Mimi nimecheza streti miaka miwili na nimeiacha. Nashika kwa vidole vinne, gumba chini, vitatu juu, na kwenye streti kidole cha tatu hakikujua kikae wapi. Leo hapa kesho pale. Nikahamia torpedo, lile tumbo likawa ndo alama yangu, nikishika nasikia gumba limelala nyuma ya kilima, basi najua niko nyumbani. Nimesoma hadithi ya chaki nikaenda kujaribu usiku huuhuu na wanja kwa sababu chaki sina. Madoa yangu yote yako sehemu moja. Kwa hiyo Kishale_Butu torpedo haikuwa mbaya, ilikuwa mbaya kwako, gumba lako lilikuwa linataka kukaa katikati na pale katikati ndo kwenye mteremko.

Na la pili, lina hasira kidogo. Nilipoenda kununua vya kwanza muuzaji hata hakuniuliza nashikaje, akanipa gramu 18 akasema "hizi ndo za akina mama". Nikacheza nazo, nyepesi kama jani, ukiwa na mkono wa haraka zinayumba. Sasa hivi nina 24 na namfunga mume wa dada yangu kila sikukuu, shemeji yenyewe anajua. Uzito hauna jinsia jamani. Sheria yenyewe inaruhusu mpaka gramu 50 na haijasema za nani.

FundiGerezani:

Dada umenena. Hata kwenye lethi, kuna fundi anataka mkono wa patasi wenye uvimbe, kuna anayetaka uliosawazika. Wote wanachonga.

Kishale_Butu:

@Mama_Dabo16 nakubali dada yangu, na hiyo sentensi ya "gumba lako lilitaka kukaa katikati na katikati ndo kwenye mteremko" ndiyo nilikuwa naitafuta siku zote nikawa nazunguka. Basi niseme upya: paka chaki kwanza, ukiona madoa yamekaa sehemu moja usibadilishe kitu, hata kama bareli ina umbo la embe. Yakitembea, ndo ujaribu streti.

Dogo_wa_Bulu:

Mimi ndo yule dogo aliyeuliza gramu jana 😅 Nimepaka chaki. Nashika mbele kabisa, kidole cha kati kinagusa pointi. Sasa nikitumia streti si nyuma itakuwa nzito? Na shafti ninunue ndefu au fupi?

Kishale_Butu:

Kumbe umo humu we dogo. Haya. Chukua kishale chako kizima, na flaiti yake, ukiweke juu ya kidole kimoja mpaka kisimame bila kuanguka, hapo ndo katikati ya uzito. Weka alama kwa kalamu. Sasa angalia doa la chaki liko mbali kiasi gani na hiyo alama. Ukishika karibu na alama au nyuma yake kidogo, kishale kinatoka mkononi kimetulia. Ukishika mbele sana ya alama, mkia unakuwa mzito, unaning'inia nyuma ya mkono wako, unaanza kuinua pua.

Shafti ndefu inarudisha uzito nyuma, fupi inauleta mbele. Wewe wa mbele anza na fupi, ukiona kinaingia mkia unapepea kabla ya kutua ongeza saizi moja, ile ya kati. Flaiti kubwa ya kawaida kwanza, achana na zile nyembamba, kubwa inanyoosha kishale haraka zaidi. Shafti na flaiti ni vitu vya bei ya soda, badilisha hivyo kabla hujagusa bareli. Mimi nilienda kinyume, nilibadilisha cha bei kubwa kwanza.

Ila kusema kweli mtu wa mbele kabisa kama wewe nadhani torpedo ingekufaa, uzito wake uko hukohuko mbele. Tutaongea inbox.

Mzee_wa_Mizani:

Nimechelewa. Niwape tahadhari ya kununua mtandaoni kwa sababu nimepigwa.

Niliona tangazo, streti tangsteni 90, gramu 24, bei nusu ya wengine. Nikalipa. Zimekuja kwenye boksi zuri, zimepakwa rangi ya bunduki. Nikashika nikaona nene, ila sikuwa na ya kulinganisha nikajua labda ndivyo zilivyo. Nikaja kusoma hapa habari ya penseli. Nikachukua penseli ya mtoto nikaweka pembeni, bareli imeizidi penseli! Moyo ukaniambia umeliwa.

Nina rafiki sonara, ana mizani ile ndogo ya dhahabu. Tukafanya hivi, na nyinyi mnaweza kufanya. Toa shafti na flaiti. Pima bareli kavu, yangu ilisoma 24, sawa na tangazo. Halafu weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga bareli kwa uzi wa kushonea, ichovye kwenye maji izame yote bila kugusa chini wala ukingo, ushikilie uzi. Hakikisha tundu la nyuma limejaa maji halijabaki na hewa. Namba itakayosoma ndo maji yaliyosukumwa. Tangsteni 90 ya gramu 24 inatakiwa isome kama 1.4 hivi. Yangu ilisoma 2.8. Gawanya mwenyewe 24 kwa 2.8, hiyo ni brasi ndugu zangu, imepakwa rangi. Sonara akacheka mpaka akashika meza, akaniambia hata kwenye pete huwa nawaambia hivihivi.

Muuzaji nikamwandikia, akanijibu "boss hiyo ni tangsteni ya kisasa". Halafu akaniblock.

Pointi ya chuma inachanganya hesabu kidogo lakini ni ndogo, haiwezi kukutoa 1.4 kukupeleka 2.8.

Msee_wa_47:

Tangsteni ya kisasa 😭😭😭 pole mzee, enyewe umelimwa na sayansi.

Mvita_Jasho:

Ya kisasa! Yaani hata brasi siku hizi yabadilisha dini.

Chaki_na_Sifongo:

Mimi bado nasubiri kuambiwa urefu. Unene nimeelewa, mikato nimeelewa. Urefu je? Kuna za 42 kuna za 52.

FundiGerezani:

Hesabu vidole, kaka. Ukishika kwa viwili na gumba 42 inatosha na fupi inapunguza kugongana kwenye bodi. Ukishika vinne kama yule dada, unataka 50 kwenda juu, la sivyo kidole cha mwisho kinaangukia kwenye shafti ya plastiki, na pale hakuna gripu. Mimi hukata kipande cha bomba la antena ya redio, 6.5mm hivi, napaka chaki nashika kama narusha, napima toka doa la kwanza mpaka la mwisho, naongeza sentimita moja. Hiyo ndo bareli yangu. Antena mbovu ziko kila mahali.

Chaki_na_Sifongo:

Fundi hii ya antena nimeipenda kuliko uzi wote. Nimepata 31mm, nikijumlisha 41. Kumbe hiyo 52 niliyoitamani sentimita nzima na zaidi ningekuwa nimeibeba tu.

Kishale_Butu:

Taarifa, wiki tano baadaye, maana kuna wanaonifuata inbox. Streti 6.5mm, urefu 48, mikato ya pete ya wastani, gramu 23. Chaki napaka Jumapili tu sasa hivi. Wiki ya kwanza mbaya, nilizoea kuminya lile tumbo, mkono ulikuwa unatafuta kilima hakipo. Wiki ya tatu madoa yakaanza kukaa. Legi yangu imerudi kwenye vishale 29, 30, juzi nimepata ya 24 lakini hiyo tuseme ni bahati. Sijawa mtu mwingine, namba 5 bado ananijua kwa jina. Ila sasa nikikosa najua nimekosa mimi, na kosa liko upande mmoja, nalisahihisha.

Mama_Dabo16:

Hongera. Na ile torpedo ya kipete cha dhahabu iko wapi, unauza? Mimi nashika nyuma ya kilima ujue.

Kishale_Butu:

Umechelewa dada, anayo Dogo_wa_Bulu. Anashika mbele kabisa, imemkaa kama alichongewa. Jana kanifunga nayo 3-1, nikaandika skoa.